Mtazamo wa Wahadhiri wa Sayansi za Afya kuhusu Ufundishaji wa Mtandaoni: Mfano wa Ukanda wa Tabora na Kigoma

Makala haya yanafafanua namna mtazamo wa wahadhiri wa sayansi za afya kuhusu ufundishaji wa mtandaoni unavyopaswa kueleweka na kupimwa. Hoja yake kuu ni kwamba kusitasita kwa mhadhiri si lazima kuwe ni kuikataa teknolojia. Kunaweza kuwa uamuzi wa kitaaluma unaohusu usalama wa mgonjwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa magharibi mwa Tanzania. Katika karne ya 19, bidhaa za pwani zilisafirishwa kwa misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na Tabora ilikuwa kituo cha kupumzika, kubadilisha wapagazi na kugawa mizigo. Mwaka 1872, David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi kadhaa akisubiri wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifupisha safari hiyo, lakini elimu ya udaktari ilianzia pwani: shule ya tiba iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mpango wa chuo hicho wa kujenga kampasi Kigoma unaibua swali jipya: ni sehemu ipi ya mafunzo inayoweza kutolewa na mhadhiri aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa mwanafunzi wake?

Modeli ya Ukubalifu wa Teknolojia ya Fred Davis (1989) hueleza kwamba mtu huikubali teknolojia anapoiona kuwa ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Vigezo hivyo vinatosheleza kwa kiasi kikubwa kueleza mihadhara ya fiziolojia au famakolojia. Havitoshelezi pale mwanafunzi anapojifunza kupapasa tumbo la mjamzito, kusikiliza mapafu au kutafuta mshipa wa damu wa mtoto mchanga. Hapo mhadhiri hujiuliza swali la tatu: je, ninaweza kuthibitisha umahiri ambao sikuushuhudia?

Uzoefu nao hauna budi kuzingatiwa. Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, vikafunguliwa Juni 1 mwaka huohuo, ilhali vya Kenya na Uganda vilifungwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, majibu ya wahadhiri wa Tanzania yanaweza kuakisi matarajio au hofu kuliko mazoea.

Kutokana na hayo, dodoso linaloulizia “ufundishaji wa mtandaoni” kwa ujumla hupotosha. Mhadhiri anayeunga mkono mihadhara ya mtandaoni na kupinga mafunzo ya kliniki kwa njia hiyo huangukia katikati ya kipimo, akaonekana hana msimamo, ilhali anao misimamo miwili iliyo wazi. Inapendekezwa kwamba nadharia, stadi za kliniki na upimaji wa umahiri vipimwe kila kimoja peke yake. Matokeo hayo yataonyesha kipi kifundishwe kutoka mbali na kipi kihitaji wakufunzi kando ya kitanda, katika hospitali kama Kitete ya Tabora na Maweni ya Kigoma. Yakichanganywa, chuo kinaweza kununua mitambo huku wodi zikikosa mwalimu, na atakayebeba athari za upungufu huo ni mgonjwa.