Maduka ya Jinja na Heshima ya Sare

Mji wa Jinja wajulikana ulimwenguni kwa mambo mawili: mto Nile, ambao hapo huanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, na bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo laitwa Nalubaale. Lakini kwa sisi tuliokulia huko katika miaka ya 1990, fahari ya mji ilikuwa mtaa wa maduka uitwao Main Street.

Mtaa huo ulijengwa na biashara. Wafanyabiashara wa Kihindi, miongoni mwao Allidina Visram aliyeanzia kazi Bagamoyo, walifuata njia za misafara, kisha reli, wakifungua maduka mpaka ndani ya Uganda. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilipounganisha Jinja na Namasagali, pamba ya wakulima ikawa yashushwa Jinja na kupakiwa melini. Palipo na mkulima mwenye fedha mkononi, duka halikawii kufunguliwa. Ndipo yalipoinuka majengo yenye baraza pana na kuta za mbele zilizoandikwa juu jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Wengi wetu tulijizoeza kusoma tarakimu kwa kutazama kuta hizo kabla hatujaweza kusoma vitabu.

Mtoto aliyetumwa dukani alikuwa na mengi ya kuona. Barazani waliketi mafundi cherehani, miguu yao haipumziki, na vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni. Ndani mlikuwa na harufu ya sabuni, mafuta ya taa na bizari. Sukari ilipimwa kwa mizani ya mawe, ikafungwa katika karatasi ya gazeti kwa ustadi ambao sisi tuliuiga nyumbani bila kufanikiwa. Kisha tulingoja nyongeza, yaani peremende moja au kipande cha sukari guru, ambayo mwenye duka mwema hakumnyima mtoto. Nje, vijana wa bodaboda za baiskeli waligonga kengele wakiita abiria.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mtaa huo ulikuwa umepata kufa. Agosti 1972, Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini kwa siku 90, wakiwamo wengi waliozaliwa humu humu. Maduka yao yaligawiwa watu wengine, na si wachache kati ya waliopewa walikuwa askari na jamaa zao. Wananchi waliwaita mafutamingi. Husimuliwa mpaka leo kuwa muuzaji mpya, alipoulizwa bei ya shati, alisoma namba ya ukosi na kuitaja kuwa ndiyo bei. Shehena iliyokuwamo ghalani ikauzwa ikaisha, wala hapakuwa na aliyejua kuagiza nyingine. Sukari ikawa adimu hata katika mji ulio jirani na mashamba ya miwa ya Kakira. Magendo yakatawala, na thamani ya shilingi ikaporomoka kiasi kwamba mwaka 1987 serikali ilitoa fedha mpya na kufuta sufuri mbili.

Fundi mmoja mzee wa barazani alitueleza sisi watoto jinsi mambo yalivyokuwa. Alisema kwamba katika miaka ile, sare ya askari ilipoonekana mwanzo wa mtaa, milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine hadi mwisho. Mwenye kuchelewa kufunga alipoteza saa, redio au kitambaa, na hapakuwa na pa kushitaki. Kwa hiyo yeye mwenyewe, alipoisikia sauti ya buti, mguu wake ulisimama juu ya cherehani bila kuamriwa.

Mimi sikuziona siku hizo. Niliyoyaona ni haya: kambi ya jeshi haiko mbali na mji, na mwisho wa mwezi askari walikuja kununua mahitaji ya nyumbani. Walisimama kwenye foleni pamoja na akina mama na watoto, wakalipa fedha taslimu, wakahesabu chenji, wakaaga. Usiku polisi wa doria walipita wakizijaribu kufuli za milango, na asubuhi wenye maduka walizikuta salama. Nyakati hizo serikali ilikuwa ikiwarejeshea wenyewe majengo yao, na majina yaliyofifia kutani yakapakwa rangi upya. Fundi mzee aliendelea kushona, buti zikipita mbele yake.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na bahati. Kanuni za maadili zilizotungwa wakati wa vita vya msituni, kati ya mwaka 1981 na 1986, zilimkataza mpiganaji kuchukua mali ya raia bila kuilipia mara moja kwa fedha taslimu, hata iwe ndizi mbivu au muwa. Kanuni hizo ziliingizwa baadaye katika sheria ya jeshi ya mwaka 2005. Anayeona kutaja ndizi na muwa ni jambo dogo hajajua maduka hufa vipi. Duka haliuawi na jambazi mmoja wa usiku. Huuawa na mtu mwenye mamlaka achukuaye kidogo kila siku, mpaka mwenye duka aone heri alale nyumbani.

Tangu Julai 2020 Jinja imekuwa jiji, na hapana shaka litakua zaidi. Lakini askari na polisi, popote mlipopangiwa kazi, iwe ni kituo kidogo chenye maduka matatu au jiji kubwa, tazameni jambo moja muingiapo sokoni: je, mikono ya wauzaji yaendelea na kazi, au yasimama? Hiyo ndiyo ripoti ya kweli juu ya mwenendo wetu, nayo huandikwa na raia kila siku bila kalamu.