Garsen: Joto, Asidi na Pesa Zinazopotea Kwenye Betri

Gari linalotoka Malindi kwenda Lamu au Hola hupita Garsen, na betri ikikufia hapo, Malindi umeiacha nyuma zaidi ya kilomita 100. Ndiyo maana fundi wa betri hakosi kazi huku. Lakini shilingi nyingi zinazonunua betri mpya katika kaunti hii ya Tana River zingeweza kubaki mfukoni mwa mwenye gari.

Adui mkubwa ni joto. Mafundi hukadiria kuwa joto likipanda kwa nyuzi 10, uhai wa betri ya risasi na asidi hupungua karibu nusu. Maji hukauka, pleti hubaki wazi, na pleti iliyokauka haiponi. Basi kwa betri yenye vifuniko vya kufunguka, kagua maji mara kwa mara, uongeze yaliyosafishwa pekee. Maji ya kisima au ya mto yana chumvi na madini yanayoharibu pleti. Na usiongeze asidi: kinachokauka ni maji.

Kabla ya kununua mpya, pima kwa mita ya volti. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12, chaji imeisha. Washa injini: mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, alternata haichaji. Ikivuka 15, inaichoma betri. Hapo betri mpya itakufa vilevile, na hasara hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mita ya bei nafuu ingeizuia.

Usalama nao ni sehemu ya gharama. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Vaa miwani na glavu. Fungua waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Asidi ikimwagika sakafuni, magadi yaliyoyeyushwa majini huizima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi na ukimbilie hospitali.

Betri ikishazeeka, risasi yake bado ina soko. Soko hilo lina historia chungu hapa Pwani: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, na mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufaa ikaitengua, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, usimpe betri yako mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayemwaga asidi mchangani ili mzigo uwe mwepesi. Irudishe ikiwa nzima kwa muuzaji atakayeipeleka kwenye kiwanda chenye leseni, na umwombe akupunguzie bei ya mpya.