Changamwe: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa uko mtaa katika Mombasa uliopokea wageni wengi kuupita wa Changamwe, basi mimi siujui. Reli, barabara ya Nairobi, kiwanda cha mafuta na uwanja wa ndege, wageni wote hawa walipiga hodi wakakaribishwa. Swali la leo, ndugu msomaji, ni hili: je, mwenyeji amepona?

Changamwe iko bara, magharibi ya kisiwa cha Mvita, juu ya mwinuko unaokitazama kisiwa. Upande wake mmoja pana hori ya Port Reitz, na upande wa pili hori ya Tudor. Pale hori hizo mbili zinapokaribiana ndipo palipo na mlango wa Makupa.

Jina hili halikuletwa na reli. Wachangamwe ni mmoja wa Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Hao, wakijumlishwa na Tisa Taifa, ndio Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Wachangamwe walivuka wakaingia kisiwani, wakakaa upande wa Kilindini, na jina lao likabaki bara limeshika ardhi.

Zamani hizo kuvuka Makupa kulingoja maji yapwe, mtu akunje nguo apite kwa miguu. Usidhani kivuko hicho kilikuwa kitu kidogo. Mwaka 1589 Wazimba walikuwa wamepiga kambi ng'ambo, na watu wa Mombasa wakiwazuia wasivuke. Wareno walipofika na manowari zao wakawaachia njia, mji ukaangamia. Baadaye Wareno wenyewe walijenga vigome vya kukilinda kivuko, kwa kuwa walikwisha jua kwamba ufunguo wa kisiwa uko Makupa.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Mombasa, wakajenga daraja la kuivusha hadi bara, wakaliita Salisbury kwa jina la Waziri Mkuu wao. Reli ikapanda mwinuko wa Changamwe, na mwaka 1901 ikafika ziwa Viktoria. Kisha mwaka 1929 likajengwa tuta la Makupa, na watu wakavuka pasi na kungoja bamvua wala maji mafu. Lakini tuta lile lililowafungulia watu njia liliyafungia maji. Hori mbili zilizokuwa zikipeana maji kila siku zikatengana.

Baada ya reli ndipo viwanda vikaja. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi mwaka 1963, na bomba la kupeleka mafuta Nairobi likaanza mwaka 1978. Mwaka 1979 uwanja wa ndege uliokuwapo Port Reitz ulifanywa wa kimataifa. Watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi, wakapanga vyumba Chaani, Magongo, Mikindani na Port Reitz. Bohari za makontena zikajaa, na malori yakapanga foleni usiku na mchana. Misikiti nayo ikajengwa, na leo adhana ya alfajiri husikika pamoja na honi za malori.

Ama wageni nao huondoka. Mwaka 2013 kiwanda kile kiliacha kusafisha mafuta. Matangi yangalipo, lakini siku hizi ni ghala tu, chini ya kampuni ya bomba. Mwaka 2017 ikaja reli mpya, na kituo chake cha abiria kikajengwa Miritini. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya Nairobi yasafirishwe kwa reli hiyo, watu wa Mombasa waliandamana. Dereva, utingo, fundi wa magurudumu na mama mpika chakula kibandani, wote hao walikuwa wakila kwa lori. Lori likikosa mzigo, chungu hakiinjikwi. Mwaka 2022 serikali mpya iliiondoa amri ile, na mizigo ikarudi kushughulikiwa Mombasa.

Hilo ndilo fundisho la Changamwe. Kila njia iliyopitishwa hapa ilipimwa kwa umbali wa Nairobi na Uganda. Ni nadra njia kupimwa kwa faida ya aliyelala kando yake, anayevuta vumbi la magurudumu na kusikia ndege juu ya paa. Kuwa mlango wa mji ni heshima, lakini mlango hupitwa tu, na wanaofaidi huwa ndani.

Hata hivyo, jambo moja latupa matumaini. Mwaka huo huo wa 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mahali pa tuta, ili maji yapite tena chini ya magari. Miaka 93 yalikuwa yamezuiwa, na hakuna aliyesema nchi itakosa njia kwa kuyafungulia. Kumbe yawezekana magari yapite na maji yapite.

Basi wanaopanga mambo ya bandari na reli na wakumbuke. Ikiwa maji yamepewa haki yake, kijana wa Chaani na mama wa Magongo watanyimwaje yao? Kazi za bohari zilizoko mlangoni pao ziwaanzie wao, na malori yapewe mahali pa kulala pasipokuwa barazani kwa watu. Hapo ndipo tutakaposema, inshallah, mgeni amekuja na mwenyeji amepona.