Kombora lililokwepa rada likakosa mnunuzi

MWEKEZAJI akisikia kampuni imepata kandarasi ya siri ya silaha mpya, huona faida imekwisha kufika mlangoni. Kisa cha kombora la Have Dash II la Marekani kinaonyesha kwa nini asiharakishe.

Jeshi la Anga la Marekani lilianza mradi wa Have Dash mwaka 1985. Lilitaka kombora la kutungulia ndege za adui ambalo lenyewe lingekuwa gumu kuonekana kwenye rada. Kazi ya kuunda la majaribio ilikwenda kwa Ford Aerospace, kampuni tanzu ya Ford, watengenezaji wa magari. Umbo lake halikuwa la mviringo kama bomba. Lilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na lilipokata kona lililala ubavu kama ndege.

Mwaka 1990 Ford waliiuza Ford Aerospace kwa kampuni ya Loral kwa dola milioni 715. Mwaka uliofuata Umoja wa Kisovieti ulisambaratika, na bajeti ya ulinzi ya Marekani ikabanwa. Have Dash II liliishia kwenye majaribio. Halikuingia kiwandani.

Mwaka huohuo wa 1991, kombora jingine, AMRAAM la kampuni ya Hughes, lilianza kutumika. Baadaye mabawa yake yalipunguzwa ili lienee ndani ya tumbo la ndege ya F-22. Kombora likifichwa tumboni, rada hailioni mpaka mlango ufunguliwe. Haja ya kujificha ikapata dawa kwa bidhaa iliyokwisha kuwa sokoni.

Hapo ndipo penye hesabu ya mwekezaji. Fedha za majaribio hulipa mishahara ya wahandisi. Faida nono hutokana na oda za maelfu, mwaka baada ya mwaka, pamoja na vipuri. Raytheon walilielewa hilo. Mwaka 1997 walichukua biashara ya ulinzi ya Hughes kwa dola bilioni 9.5, na AMRAAM bado linauzwa kwa nchi nyingi.

Wenye hisa za Loral nao hawakuumia. Kampuni ilikuwa na kandarasi nyingine nyingi, na mwaka 1996 Lockheed Martin walinunua sehemu yake kubwa ya ulinzi kwa takriban dola bilioni 9.1. Mradi mmoja ulikufa, kapu halikumwagika.

Silaha ina mnunuzi mkuu mmoja, serikali, naye hubadili nia bajeti ikibadilika. Basi kabla ya kununua hisa za kampuni yoyote inayoishi kwa zabuni, fungua hesabu zake za mwaka. Tazama oda zilizotiwa saini ni kiasi gani, na ni sehemu gani ya mapato inayotegemea mteja mmoja. Bidhaa nzuri isiyo na oda haitoi gawio.