Sauti na Picha Kutoka Darasa Hadi Darasa

Simama mwisho mmoja wa uwanja wa shule yenu, na mwenzako asimame mwisho wa pili. Mwite kwa jina. Atakusikia na kuitika. Sasa tuseme mwenzako huyo yuko Nachingwea, nawe uko Nandagala, wilayani Ruangwa. Hata ukipiga kelele kwa nguvu zako zote hatakusikia. Sauti husafiri hewani kiasi cha meta 340 kwa sekunde moja. Tukichukua umbali wa kilometa 40, sauti yako ingehitaji karibu dakika mbili kufika huko. Lakini haifiki. Kadiri inavyokwenda hutawanyika na kufifia, na hata kabla ya kuyavuka mashamba ya mikorosho huwa imekwisha kabisa.

Hata hivyo, siku hizi wanafunzi wa madarasa mawili yaliyo mbalimbali wanaweza kuonana nyuso na kuzungumza kama waliokaa dawati moja. Tena wanaweza kutengeneza kipindi chao cha sauti, kikasikilizwa na wenzao wa mbali kwa wakati wanaoupenda. Katika somo hili tutaona mambo hayo yanawezekanaje.

Sauti hugeuka kuwa umeme

Weka vidole viwili kooni useme “aaa”. Utahisi mtetemo. Sauti yoyote huanza na kitu kinachotetemeka, nacho huitetemesha hewa iliyo karibu nacho.

Chukua makopo mawili matupu. Toboa tundu dogo chini ya kila kopo, upitishe uzi wa meta 10, ufunge fundo ndani. Wewe shika kopo moja na mwenzako ashike la pili, kisha uvuteni uzi mpaka ukaze. Sema polepole ndani ya kopo lako. Mwenzako akiweka kopo lake sikioni atakusikia vizuri, kwa sababu mtetemo umepita katika uzi. Legezeni uzi, mjaribu tena. Je, mmeona tofauti gani?

Maikrofoni hufanya kazi kwa namna inayofanana kidogo na kopo lako. Ndani yake mna utando mwembamba ambao hutetemeka sauti inapoupiga. Lakini badala ya kuvuta uzi, mtetemo huo hubadilishwa kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe inavyopanda na kushuka. Spika hufanya kinyume chake: hupokea umeme, hutetemesha utando wake, nasi tukasikia sauti. Umeme huo ukitumiwa kuongoza mawimbi ya redio, habari huenda kasi ajabu, maana mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Safari yetu ya kilometa 40 humalizika kabla hujafumba jicho.

Wazee wenu walijifunza kwa njia hii. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule, na mwaka 1973 ilitangaza masomo ya afya yaliyoitwa “Mtu ni Afya”. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote, kila kikundi na redio yake na kijitabu chake. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hilo lilikuwa darasa kubwa sana. Lakini lilikuwa na upungufu mmoja: mwanakikundi akiwa na swali, redio haikuweza kumjibu. Sauti ilikwenda upande mmoja tu.

Upungufu huo ulionekana tena mwaka 2020. Shule zilifungwa kuanzia Machi mpaka Juni kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na masomo yakatangazwa kwa redio na televisheni. Mwanafunzi aliyeshindwa kuelewa hakuwa na njia ya kumsimamisha mwalimu. Na yule ambaye nyumbani kwao hapakuwa na redio wala televisheni hakupata masomo hayo.

Picha hugeuka kuwa namba

Simu na kompyuta hazipeleki sauti kama redio zile za zamani. Huipima kwanza. Katika simu ya kawaida umeme wa sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Namba zenyewe huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti.

Picha nayo hugeuzwa namba. Ili uelewe, fanya hivi. Chora mraba wenye vyumba 8 kwenda chini na vyumba 8 kwenda kulia. Paka rangi nyeusi baadhi ya vyumba ili upate umbo la nyumba au herufi. Mwenzako akae amekupa mgongo, naye awe na mraba kama huo ulio mtupu. Msomee chumba kimoja kimoja, mstari kwa mstari: “sifuri” kama ni cheupe, “moja” kama ni cheusi. Ukimaliza, linganisheni. Kama hukukosea kusoma, picha yako imefika kwake, ingawa hakuiona hata kidogo. Umempelekea biti 64.

Kamera hufanya vivyo hivyo, ila vyumba vyake ni vidogo mno na ni vingi mno, tena kila kimoja huwa na rangi yake. Ili watu waonekane wakijongea, huhitajiwa picha kama 25 au 30 kila sekunde. Hesabu hiyo ni kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo mashine hutumia hila nzuri: hupeleka zaidi sehemu zilizobadilika. Ukuta ulio nyuma ya mwalimu haujongei, basi hauna haja ya kupelekwa upya kila mara. Ndiyo maana mkizungumza na darasa lingine kwa video inafaa mkae mbele ya ukuta ulio wazi na kutulia. Mti unaopepea nyuma yenu hula biti nyingi bure.

Njia wanayopita

Namba hizo hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa anwani ya mahali kinapokwenda, kama barua. Simu huvirusha kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara ulio karibu. Kutoka hapo huendelea kutoka mnara hadi mnara, au hupita katika mkongo, yaani kamba yenye nyuzi za kioo nyembamba kama nywele. Ndani ya nyuzi hizo hakupiti umeme bali mwanga unaowaka na kuzimika, nao huenda kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde. Usishangae kusikia kwamba mazungumzo ya Nandagala na Nachingwea yaweza kuzungukia Dar es Salaam kwanza. Kwa mwanga, mzunguko huo si kitu.

Mikongo mingine hulala chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, habari nyingi za intaneti kati ya Tanzania na nchi za ng’ambo zilipitia setilaiti zilizo juu kiasi cha kilometa 36,000. Kupanda na kushuka ni kilometa 72,000. Gawanya kwa 300,000, utapata karibu robo sekunde. Jibu nalo likirudi kwa njia hiyo hiyo, hupita nusu sekunde kabla hujalisikia, na watu hujikuta wakikatizana maneno.

Mikongo nayo hukatika. Mwezi Mei mwaka 2024 mikongo hiyo miwili iliharibika baharini kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki.

Kuzungumza au kurekodi?

Katika mazungumzo ya video, kipande kikichelewa hutupwa, kwa maana hakuna faida ya kusikia sasa neno lililosemwa sekunde tatu zilizopita. Hapo ndipo sauti hukatikakatika na sura huganda. Kipindi kilichorekodiwa, ambacho huitwa podikasti, hakina haraka hiyo. Kipande kikipotea, simu hukiomba tena mpaka kifike. Kipindi huchelewa, lakini hufika kizima.

Tazama pia gharama. Sauti iliyobanwa vizuri yaweza kutumia biti 64,000 kwa sekunde. Mazungumzo ya video yaweza kutumia biti 1,000,000 kwa sekunde. Kwa dakika 10, sauti itatumia biti 38,400,000 na video biti 600,000,000, yaani zaidi ya mara 15. Shule yenye bando dogo yaweza kutuma vipindi 15 vya sauti kwa gharama ya zungumzo moja la video. Kwa maoni yetu, shule nyingi za vijijini zianze na kipindi cha sauti, na video iwekwe kwa siku ya kuulizana maswali.

Tuseme darasa lenu litatengeneza kipindi juu ya ubwiriunga wa mikorosho. Huu ni ugonjwa wa ukungu unaofunika majani machanga na maua kwa unga wa kijivu. Maua yakishambuliwa hukauka, na mti hautoi korosho. Mwulizeni mkulima ameuona lini, anapulizia salfa mara ngapi, na hujikingaje na vumbi lake. Rekodini mahali penye utulivu, mbali na bati linalopigwa na mvua, na simu iwe karibu na mdomo wa msemaji. Ombeni ruhusa yake kwanza. Msitaje majina yenu kamili wala mahali mnapoishi, kwa kuwa hamjui nani atasikiliza.

Wenzenu wa shule nyingine wakileta maswali ambayo hamkuyafikiri, rudini kwa mkulima.

Mambo ya kufanya

1. Kipindi cha sauti cha dakika 5 kitatumia biti ngapi, kama kila sekunde hutumia biti 64,000?

2. Rudia mchezo wa vyumba 64, lakini safari hii ruka chumba kimoja kwa makusudi. Picha ya mwenzako imeharibika kuanzia wapi? Buni njia ya kumwezesha kutambua kwamba kuna chumba kilichopotea.

3. Tafuta mnara wa simu ulio karibu na kwenu. Kwa nini umejengwa mahali palipoinuka?