Takwimu bima: kwa nini ukame ni hesabu ngumu kuliko moto

Shahada ya uzamili ya takwimu bima inamhusu vipi mkulima wa Endagikot, wilayani Mbulu? Tuchukue mfano.

Wakulima 100 wamekata bima ya mazao, kila mmoja ya shilingi 500,000. Mavuno yakikosekana mwaka 1 kati ya 10, kila mmoja atachangia shilingi 50,000 kwa mwaka, bila kuhesabu gharama za uendeshaji. Hadi hapo hesabu ni nyepesi.

Ugumu ni huu: moto huunguza nyumba moja, ukame hukausha kijiji kizima. Michango ya mwaka ni milioni 5, madai ni milioni 50. Kampuni isiyojiandaa itashindwa kulipa, na mkulima atakosa mazao na fidia.

Ngazi ya uzamili hufundisha kuzuia hilo: akiba iwe kiasi gani, maeneo gani yachanganywe, na mzigo upi upelekwe kwenye bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima.

Masomo haya yapo IFM, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wazazi, kijana wenu akipenda hisabati, msimwambie kazi yake ni ualimu tu.