Mwana wa Ghalani: Maisha ya Kipchoge Keino (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Kipchoge Keino akiwa askari kijana katika chuo cha polisi cha Kiganjo, akiwafundisha makurutu mazoezi ya viungo. Leo tutakwenda naye Mexico, kisha turudi naye nyumbani Eldoret. Naomba msomaji aiangalie kwa makini safari hiyo ya kurudi, kwani ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mbio zake zimeandikwa sana. Nyumba yake imeandikwa kidogo mno.

Nianze na jina. Kwa Wakalenjin, jina la mtoto mara nyingi hutaja saa au mahali alipozaliwa, na Kipchoge ni mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Huyu wetu alizaliwa Kipsamo, Nandi, mwaka 1940, akampoteza mama yake angali mdogo, akakulia mikononi mwa jamaa. Nayarudia haya ingawa niliyagusa wiki iliyopita, kwa sababu mtoto aliyekula chakula cha nyumba isiyo ya mama yake hasahau kijiko kilichompakulia.

Sasa Mexico, Oktoba 1968. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kila pumzi humpa mkimbiaji oksijeni pungufu. Mtu wa pwani akikimbia mita 100 haoni tofauti kubwa. Akikimbia mizunguko minne, kifua kinamwambia. Wanandi huzaliwa na kukulia kwenye miinuko inayokaribiana na ile, kwa hiyo wengi walisema Keino alikuwa na faida mkononi. Ni kweli. Lakini wanaosema hivyo husahau kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa na maumivu makali ya nyongo, na madaktari walimshauri aache kukimbia.

Hakuacha. Katika siku nane alijiandikia mbio sita. Katika mita 10,000 alikuwa mbele pamoja na viongozi, ikiwa imebaki mizunguko michache, maumivu yakamkunja akaanguka nje ya njia. Aliinuka akamaliza ingawa tayari alikuwa ameondolewa mashindanoni. Mbio hizo alishinda Naftali Temu, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku nne baadaye Keino alipata fedha katika mita 5,000, akipitwa na Mohamed Gammoudi wa Tunisia kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde.

Ikabaki fainali ya mita 1,500, Jumapili tarehe 20. Basi lililombeba lilikwama katika msongamano wa magari. Alishuka, akaenda uwanjani mbio. Mpinzani aliyekuwa akimngoja ni Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 33.1, mtu ambaye hakuwa ameshindwa katika mbio za maili wala mita 1,500 kwa zaidi ya miaka mitatu. Rekodi hiyo aliiweka mwaka 1967 huko Los Angeles, na aliyekimbia nyuma yake siku ile ni Keino mwenyewe.

Silaha ya Ryun ilikuwa mbio za mwisho. Ukifika naye kwenye kengele ya mzunguko wa mwisho ukiwa bega kwa bega, umekwisha. Kwa hiyo Wakenya waliamua kengele imkute mbali. Ben Jipcho alitoka kwa kasi na kuumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56. Katika hewa ile, hiyo ilikuwa kama kujitupa mtoni bila kujua kina chake, na Ryun, kwa hesabu za kawaida, alikuwa na haki ya kuamini kwamba walio mbele wangekatika pumzi. Keino akapokea uongozi, akapita mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 55, akaendelea kuvuta. Ryun alipoanza kukimbia kwa nguvu zake zote, pengo lilikuwa kubwa mno. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, mita 20 mbele. Muda huo ulibaki rekodi ya Olimpiki hadi 1984.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Jipcho alijitoa ili mwenzake ashinde, akamaliza nyuma kabisa ya washindi. Sioni namna ya kuieleza dhahabu ile bila kumtaja kwa heshima.

Siku hiyo hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenyatta, ambayo leo tunaiita Mashujaa. Na siku hiyo hiyo, nyumbani Kenya, Bi Phyllis Keino alijifungua binti. Baba alikuwa ng'ambo ya bahari na dhahabu shingoni. Jina la mtoto likabeba kumbukumbu ya michezo ile.

Munich 1972 nitapita haraka: dhahabu katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio alizokuwa mgeni nazo, na fedha katika mita 1,500. Mwaka uliofuata aliacha riadha ya ridhaa.

Sasa turudi Eldoret. Watu wengi, hasa vijana, hudhani nyumba ya Keino, ile aliyowalelea watoto wasio na wazazi pamoja na mkewe, ilijengwa kwa pesa za medali. Haikuwezekana. Enzi zile sheria za Olimpiki zilimkataza mwanariadha kulipwa. Aliyepokea hela alifungiwa. Leo mshindi wa marathoni moja kubwa anaweza kurudi Iten na bei ya shamba. Keino alirudi na saluti, na zamu yake kazini ikimngoja. Nyumba ile ilitoka kwenye mshahara wa askari, kazi ya mke aliyesomea uuguzi, shamba, na duka la vifaa vya michezo mjini Eldoret.

Nyumba hiyo haikuanza kwa mpango wala cheti cha shirika. Walipokelewa watoto wachache wasio na wazazi, wakalishwa, wakalazwa, na ilipofika asubuhi hakuna aliyewaambia waondoke. Wakaja wengine. Kwa miaka mingi walilelewa hapo zaidi ya watoto 100, pamoja na saba waliozaliwa na Keino na mkewe. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayetaka kujua uzito wa kauli hiyo ahesabu unga wa siku moja tu kwa nyumba ya namna ile, kisha blanketi, kisha sare, kisha mtoto mmoja anayeamka na homa usiku wa manane. Aliyeamka naye, mara nyingi, ni Bi Phyllis. Mume alikuwa na safari, mikutano na wageni. Sioni haki ya kumsifu mwanamume kwa kujenga nyumba na kumsahau mwanamke aliyekuwa ndani yake kila usiku.

Shamba walilokuwa nalo liliitwa Kazi Mingi. Nalipenda jina hilo, kwa kuwa halimdanganyi mtoto. Chakula kilitoka ardhini, na kila mkono ulikuwa na zamu. Wageni waliofika wakitarajia kuona makao ya watoto walikuta boma la mkulima.

Kisha zikaja shule. Ya msingi yenye jina la Kip Keino ilianza 1999, ya sekondari ikafuata 2009. Hatua hiyo ina mantiki ya mzazi yeyote: mtoto uliyemwokoa na njaa akiwa na miaka minne atakuuliza habari za daftari akifika saba.

Agosti 2016, katika ufunguzi wa michezo ya Rio, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya Olympic Laurel, na aliyepewa ni Keino. Aliingia uwanjani akiwa amezungukwa na watoto waliokimbia wakirusha tiara nyeupe. Alikuwa na umri wa miaka 76. Dakika chache alizopewa za kuzungumza mbele ya dunia nzima hakuzitumia kusimulia Mexico. Aliomba vijana wapewe elimu, chakula na mahali pa kulala.

Wiki ijayo: miaka yake ya uongozi wa Olimpiki nchini Kenya, 1999 hadi 2017, pamoja na misukosuko yake.

(Itaendelea)